Posa ya Mkalimani

Mshenga wa Edris hakujua lugha ya wakwe. Alikuwa mama wa Kerala, kusini mwa India, mwenye miaka hamsini na minane, wakili wa wakimbizi, mtu wa sari za pamba na raba za kutembelea, na Kidari chake kilianzia kwenye "salaam" na kuishia hapohapo. Lakini Edris angemtuma nani? Mama yake alizikwa Herat, dada hakujaliwa kuwa naye, na shangazi yake pekee aliyekuwa bado anapokea simu alipokea ili alie tu. Kwa Waafghani posa ni kazi ya wanawake. Mwanamume hajitokezi kujisemea mwenyewe kama anayeomba kibarua. Basi Jumatano ile akasimama mbele ya meza ya mwajiri wake, Wakili Annamma Kuriakose, akamwomba awe mama yake kwa Ijumaa moja.

Wakili alimuuliza binti mwenyewe ni nani. Alipotajiwa jina, alivua miwani.

"Hakima? Hakima wa faili langu?"

"Ndiyo, madamu."

"Mteja wangu, ambaye wewe ndiye uliyemtafsiria kila neno."

"Ndiyo, madamu. Lakini sijawahi kumwambia lolote zaidi ya salamu. Mama yake ndiye aliyeniita."

Wakili alimgombeza kwa Kihindi, na Kihindi kilipomwishia akaendelea kwa Kimalayalamu, lugha ya kwao. Alimwambia kuanzia saa ile asiliguse tena faili lile. Rufaa ilikwisha kuandikwa, ingeingia Jumanne, siku ya mwisho kabisa. Kisha akamtazama kijana huyu wa miaka thelathini na moja ambaye kwa miaka minne alikuwa akila chakula cha mchana peke yake kwenye ngazi, magoti yamebeba bakuli.

"Na sukari yangu hii," akasema, "hao wakwe zako watanilisha pipi ngapi?"

Edris alicheka. Palikuwa na jambo alilopaswa kulisema palepale, kabla kicheko hakijakauka. Alilimeza, kama alivyokuwa amelimeza kila siku tangu barua ilipofika.

Mapenzi yenyewe yalianza miezi minane nyuma, katika chumba kidogo cha ofisi ile iliyopo mtaa wa Jangpura, Delhi, chini ya feni inayolia. Kazi ya mkalimani ina sharti moja ambalo watu wa nje hawalijui. Mkalimani hasemi "mama huyu anasema alifungiwa ndani." Anasema, "Nilifungiwa ndani." Hakima aliposema kwa Kidari, Edris alimgeukia wakili na kusema "mimi" kwa Kihindi. Mimi nilikuwa mkunga. Mimi sikulala usiku ule. Wiki ya kwanza ilikuwa kazi. Kufikia wiki ya tatu Edris alikuwa akirudi chumbani kwake na huzuni ambayo haikuwa yake, akapika chai, akaiacha ipoe. Alishaijua sauti ya Hakima hata kabla haijatoka, kwa jinsi alivyokuwa akivuta pumzi.

Kisa cha Hakima kilikuwa kifupi na kibaya. Baba alipofariki, ami yake alishika nyumba yote mkononi. Akapatana na mtu mmoja wa Kabul aliyekuwa akipeleka wasichana Ghuba kwa jina la kazi za ndani, na wasichana hao walikuwa hawarudi wala hawapigi simu. Wiki moja kabla ya safari, Hakima na mama yake wakatoroka kwa viza ya matibabu, wakaingia Delhi na begi moja.

Siku ya kueleza kifo cha baba yake hakulia. Alikuwa akiviringisha ncha ya mtandio kwa vidole viwili, anaviringisha, anafungua, anaviringisha tena. Wakili aliuliza tarehe. Hakima akasema tarehe kumi na tano ya mwezi wa Dalu, mwaka elfu moja mia tatu tisini na nane, kwa hesabu ya kwao. Edris alikuwa anatazama vile vidole. Aliandika mwezi wa pili, mwaka elfu mbili na kumi na tisa.

Hapo ndipo alipoharibu. Mwaka wa Waafghani huanza machipuko, mwezi Machi. Ukitaka kuugeuza uwe wa Kizungu unajumlisha mia sita ishirini na moja. Lakini kwa miezi ile ya mwisho ya baridi, Januari ikishaingia, unajumlisha mia sita ishirini na mbili. Kila mkalimani wa Kidari hufundishwa hilo siku ya kwanza, na Edris mwenyewe alikuwa amewafundisha wenzake wawili. Siku ile mia sita ishirini na mbili ilimpotea kichwani kwa sababu ya mtandio wa kijivu.

Mwaka mmoja tu uliopungua, na ulitosha. Katika faili palikuwa na pasipoti ya baba yake Hakima, iliyotolewa Oktoba ya mwaka huohuo wa elfu mbili na kumi na tisa. Ofisi ya wakimbizi ikasoma, ikashangaa: marehemu wa Februari amepigwaje picha ya pasipoti Oktoba? Ikaandika kwamba mwombaji haaminiki, na kwamba ami na yule mtu wa Kabul huenda ni hadithi ya kutunga. Hifadhi ikakataliwa. Akapewa siku thelathini za kukata rufaa. Baada ya hapo, yeye na mama yake wangekuwa watu wasio na ruhusa ya kukaa nchini, wa kurudishwa kulekule kwa ami.

Edris alilijua kosa lake kabla hajamaliza kuusoma mstari ule wa barua. Angesema siku ileile yangekwisha. Lakini jioni hiyo mama yake Hakima, Khala Nekbakht kama alivyomwita kwa heshima ya mama mdogo, alimwita na kumwambia jambo ambalo lilimfunga mdomo.

Mama huyu hakuwahi kumtaka. Alikuwa na mtoto wa kiume Adelaide, Australia, na huko Adelaide rafiki wa mwanawe alikuwa tayari kumwoa Hakima, mwenye duka la mazulia na meno mazuri, anasubiri tu apate cheti cha ukimbizi ili aitwe. Kila Edris alipopeleka karatasi za kutia sahihi, Khala Nekbakht alimpa chai mlangoni, akiwa amesimama. Barua ya kukataliwa iligeuza yote. Edris alikuwa na kadi ya ukimbizi, na mke wa Edris angekaa chini ya kadi hiyo. "Njia ya kwetu imefungwa, mwanangu," alimwambia, macho yakiwa kwenye zulia. "Kama una watu wako, walete."

Sasa wewe msomaji ungefanya nini? Edris alijidanganya. Alijiambia kwamba akimwoa atakuwa amemwokoa, na mwokozi haulizwi sana. Hakutaka kukumbuka kwamba kadi ile ingemfunika mke na isingemfunika mama mkwe. Hakutaka kukumbuka pia kwamba wakili, kwa kutojua kalenda ya wateja wake, alikuwa ameandika kurasa kumi na mbili za kuilaumu idara ya pasipoti ya Kabul kwa kosa ambalo haikulifanya. Upweke wa miaka tisa ya ukimbizi ni kitu kizito. Ukimpa mtu mpweke nafasi ya kukaa kimya na kupendwa, wengi watakaa kimya.

Ijumaa ikafika. Ukungu wa Januari ulikuwa umeukalia mtaa wa Bhogal, na foleni ya mikate ilikuwa imeziba nusu ya uchochoro. Wakili Kuriakose alikuja amevaa sari ya hariri ya rangi ya zafarani na zilezile raba zake. Walivua viatu kwenye ukumbi wa ghorofa ya tatu, wakaingia.

Chumba kilikuwa kimoja, magodoro ya kukalia yamezunguka kuta, birika linachemka juu ya jiko la gesi. Kulikuwa na jozi, tufaha zilizokatwa na lozi za kupakwa sukari. Na kwenye kona, chini ya kitambaa kilichodariziwa waridi, kulikuwa na sinia. Edris alilitazama mara moja akaondoa macho. Ndilo sinia la pipi. Familia ya binti ikilikabidhi mikononi mwa mshenga, uchumba umefungwa. Lisipotoka kona ile, hakuna kitu.

Hakima aliingia na chai. Alikuwa amevaa nguo ya kijani ambayo Edris hakuwahi kuiona, na alipoinama kumimina, macho yao yakakutana. Haikuchukua muda wa kuhesabu mpaka tatu. Lakini katika kitambo hicho alimwona mwanamke aliyekuwa anamngoja, aliyevaa kwa ajili yake, na moyo ukampasuka kwa furaha na kwa aibu, vyote kwa pamoja.

Kwa kuwa hapakuwa na mwingine, Edris mwenyewe ndiye aliyeitafsiri posa yake. Khala Nekbakht akasema kijana amekonda, Edris akatafsiri kwamba kijana amekonda. Wakili akajibu kwamba hajui kupika, wali wake unanata kama gundi, nalo hilo akalitafsiri, masikio yakimuwaka moto. Hakima akauma ncha ya mtandio kuficha kicheko. Mama akaulizia ukoo wake, afya yake, kama anavuta sigara, kama ana hasira. Wakili alijibu moja baada ya jingine, amejaa uzito wa kazi yake mpya, na katikati ya maswali akala lozi nne alizokatazwa na daktari.

Kisha Khala Nekbakht akaweka kikombe chini.

"Muulize mgeni wetu jambo moja la mwisho. Mimi sina mwanamume wa kwenda kuchunguza mitaani. Namuuliza mwanamke mwenzangu. Huyu kijana ni mkweli?"

Edris akatafsiri. Wakili hakufikiri hata kidogo.

"Mwambie hivi. Miaka minne amekaa mkono wangu wa kulia. Watu wamenikabidhi maisha yao kupitia mdomo wake, na sijakuta neno moja la uongo."

Edris alifungua mdomo. Birika lilikuwa linachemka na mama alikuwa anangoja, uso umelainika, mkono wake umekwisha kuanza kwenda upande wa kona.

"Edris," wakili akamnong'oneza, "tafsiri."

"Mimi nimeelewa," Hakima akasema taratibu. Kihindi cha sokoni kilimtosha kwa hayo. "Ila mama hajaelewa. Mwambie mama alivyosema."

Edris akapiga moyo konde.

"Khala, anasema mimi ni mkweli. Si kweli."

Aliwaeleza yote, akiwa ameinamia zulia. Tarehe, mwezi wa Dalu, mia sita ishirini na moja badala ya ishirini na mbili, pasipoti. Alisema kwamba Hakima hakukosea popote, kwamba ofisi ilisoma kosa la mkono wake yeye. Alisema kwa Kidari, kisha akageuka akasema tena kwa Kihindi, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Khala Nekbakht alirudisha mkono wake mapajani. Wakili aliacha kutafuna.

"Ulijua lini?" Hakima akauliza.

"Siku barua ilipofika."

"Uliyonisomea wewe mwenyewe."

"Ndiyo."

"Nikakuuliza nimekosea wapi."

"Ndiyo."

"Ukaniambia watu wenye majonzi huchanganya tarehe." Sauti yake haikupanda. Afadhali ingepanda. "Siku ishirini na sita, Edris jan. Siku ishirini na sita nimelala nikijiuliza mimi ni mtoto gani niliyesahau siku aliyokufa baba yangu. Nilikwenda mpaka kwa mama kumuuliza kama kweli ilikuwa baridi, kama kweli kulikuwa na theluji tulipomzika."

Edris hakuwa na pa kujificha. "Ukipata cheti utaondoka," akasema. "Sikuwa na kingine. Niliogopa usije ukaondoka."

"Mimi nilikuwa naogopa kurudishwa. Wewe ulikuwa unaogopa kubaki peke yako. Ukaona bora hofu yangu ilipie yako."

Ilikuwa hivyo.

Wakili Kuriakose alikuwa ameshatoa karatasi na kalamu kwenye mkoba. Ule umama wa posa ulikuwa umemtoka wote, pamebaki mwanasheria mwenye siku nne. Alisema kurasa kumi na mbili zimekwenda na maji, na hajali, kwa sababu sasa wanayo sababu ya kweli. Wanachohitaji ni hati ya kiapo ya mkalimani, anayekiri kosa lake kwa jina lake. Hati hiyo ingelifuta jina lake kwenye orodha ya wakalimani wa ofisi ile milele. Je, anaelewa? Edris akasema anaelewa. Halafu wakili akalitazama sinia lililokuwa kwenye kona.

"Kuna jambo jingine, nalo utawatafsiria neno kwa neno. Lazima niandike kwamba uliposa hapa leo. Siwezi kuficha. Ukitoka humu ndani ukiwa mchumba wake, kiapo chako ni takataka. Watasema mpenzi amebuni kosa ili amwokoe mpenziwe. Ukitoka umekataliwa, hakuna atakayeuliza kwa nini unamsaidia. Na sitaki maigizo. Nikiandika amekukataa, iwe amekukataa."

Kwa mara ya kwanza katika miaka minne, Edris alitamani kuwa mkalimani mbaya. Angeweza kupunguza neno hapa, kulainisha pale, kuacha upenyo mdogo wa tumaini ambao hakuna mtu angeugundua. Akawatafsiria wanawake wale wawili kila neno, pamoja na takataka, pamoja na maigizo. "Anasema kiapo changu kitakuwa na nguvu endapo nimekataliwa. Na iwe kweli."

Khala Nekbakht akavuta pumzi ajibu, kwa sababu jibu la posa hutolewa na mama, na binti hukaa kimya. Hakima akamshika mkono.

"Samahani, mama. Hili nitalijibu mwenyewe."

Alisimama. Alimtazama Edris usoni, kwa muda mrefu, kama mtu anayetaka kukumbuka. Macho yalikuwa yamejaa lakini hayakumwagika.

"Kama ungeniambia siku ileile," akasema, "ningekungoja. Wangenipeleka Adelaide, ningekungoja huko, miaka mitano, kumi, sijui. Nguo hii niliishona tangu mwezi wa nane, kabla hujafikiri kuja. Nataka ulijue hilo." Kisha akamgeukia wakili, akasema kwa Kihindi chake cha sokoni ili pasiwe na mtu wa kutafsiri katikati. "Andika, madamu. Mimi Hakima nimemkataa."

Akaokota vikombe, akatoka navyo nje.

Edris aliandika hati ile kwa mkono wake, juu ya goti, wakili akimsomea mpangilio. Aliandika jina lake, namba ya kadi yake, kosa lake. Aliandika kwamba alipeleka posa na posa ikakataliwa na mwombaji mwenyewe, na kwamba hana uhusiano wowote na mwombaji. Ulikuwa mwandiko wake mzuri kuliko wote.

Hakima aliporudi, ilibidi asomewe, maana ndiyo taratibu; hakuna karatasi inayoingia kwenye faili la mteja bila yeye kuielewa. Edris akamsomea kwa Kidari. Alisoma polepole, bila kuruka neno, na alipofika kwenye "sina uhusiano wowote" alisoma kwa sauti ileile aliyosomea namba ya kadi. Mwisho akauliza swali ambalo mkalimani lazima aulize.

"Umeelewa? Ni sahihi?"

"Nimeelewa," Hakima akasema. "Ni sahihi."

Khala Nekbakht alikuwa analia kimyakimya, pengine kwa ajili ya mwanawe, pengine kwa ajili ya kijana wa watu asiye na mama. Wakili alikunja karatasi, akaitia mkobani, akamwambia Edris atangulie. Yeye atabaki kuzungumza na mteja wake, na kuanzia sasa Edris asionekane karibu na nyumba hii wala ofisi mpaka kesi iishe. Edris alimwinamia mama, mkono kifuani. Hakumtazama Hakima, kwa sababu hakuwa na haki hiyo tena.

Kwenye ukumbi, raba za wakili zilikuwa zimelala hovyo kama alivyozivua. Viatu vyake yeye vilikuwa vimefutwa vumbi, vimewekwa sawasawa, ncha zikielekea ngazi. Kwao hufanywa hivyo kwa mgeni anayeheshimiwa, avivae bila kuhangaika kuvigeuza. Yeye alikuwa ameviacha vikitazama mlango, na katika muda wote ule ni mtu mmoja tu aliyetoka nje, na vikombe mikononi.

Alichutama akavifunga kamba. Ilimchukua muda. Halafu akashuka ngazi.